Kasula ya Germaine

Germaine Kasonde alikuwa na tabia moja ambayo dada yake Deborah aliiona ni utovu wa adabu: hakuweza kumtazama mtu bila kumpima. Ungefika pale barazani kwao Kashikishi, mji wa soko wa Nchelenge, Zambia, kumsalimia, na kabla hujamaliza kuuliza habari za nyumbani, macho yake yangekuwa yameshateremka mabegani, yamezunguka kiunoni na kufika kwenye vifundo vya miguu. Angekuwa ameshajua kitambaa utakachohitaji, na mahali ambapo nguo yako ingekubana kama usingepunguza nshima, yaani ugali, ya jioni. Deborah alimkanyaga mguu mara nyingi kwa ajili hiyo. Haikusaidia kitu, kwa kuwa mtu aliyeshona miaka thelathini na miwili huwezi kumpa macho mapya.

Wote aliwapima, isipokuwa mapadri. Huko alikotoka, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, kwenye misheni ndogo kaskazini ya Pweto, masista waliomfundisha cherehani walimwambia tangu usichana wake kwamba mwanamke hamzungushii padri utepe wa kupimia. Padri hupimwa kwa nguo yake ya zamani. Unaitandika alba iliyochakaa, ile kanzu nyeupe ndefu ya Misa, juu ya mkeka, unaweka kitambaa kipya juu yake, unakata. Basi. Kwa miaka kumi na tisa Germaine alimshonea Abbé Mulumba, paroko wa misheni ile, alba, stola za shingoni na kasula, yale majoho ya nje, za mwaka mzima wa Kanisa: kijani ya siku za kawaida, zambarau ya Kwaresima, nyekundu ya mashahidi, nyeupe ya sikukuu. Aliyajua mabega yake kwa sentimita, na hakuwahi kuyagusa hata siku moja.

Aliyagusa kwa mara ya kwanza mwezi wa tatu wa mwaka 1999, na siku hiyo hakuwa anamvalisha. Alikuwa anamvua.

Vita vilikuwa vimefika. Wanajeshi walisimama ufukweni wakikagua mitumbwi iliyokuwa ikivusha watu kwenda Zambia, na wanaume waliteremshwa. Wa upande gani, waulizwe wenyewe. Waliokuwa wakikimbia hawakuwa na nafasi ya kuuliza. Siku mbili kabla ya hapo padri wa misheni jirani alichukuliwa, na mpaka leo hakuna aliyemwona. Kwa hiyo kina mama wa parokia walikata shauri bila kumshirikisha mwenyewe. Wakamtuma Germaine, kwa sababu yeye ndiye aliyezijua nguo zake, naye akaingia nyumbani kwa Abbé na pagne yake mwenyewe, yaani kitenge cha kiunoni chenye mkanda, blauzi na kitambaa cha kichwa. Abbé alikataa. Alikataa mpaka milio ya bunduki ilipofika kwenye shamba la mihogo, na hapo mikono yake ikashindwa kufungua vifungo vya kanzu yake nyeupe. Germaine akavifungua kimoja kimoja, kutoka shingoni hadi miguuni, huku analia, akamfunga pagne. Kisha kanzu ile akaitia motoni, chini ya sufuria ya maharagwe, maana ingekutwa wangekufa wote. Abbé alimwomba asiichome, naye akaichoma mbele ya macho yake.

Ufukweni mwanajeshi mmoja kijana alimwita Abbé kambo, yaani bibi, akamshika mkono kwa upole na kumsaidia kupanda mtumbwini. Kisha huyo huyo akamwona Hénoc, katekista wa misheni, kijana wa miaka ishirini na sita aliyekuwa ameketi mbele kabisa, akamshika shingo na kumteremsha majini. Mtumbwi ukasukumwa. Hakuna aliyethubutu kumlilia kwa sauti mpaka walipofika Chienge, upande wa Zambia.

Kutoka Chienge walishuka na lori la samaki kandokando ya ziwa hadi Nchelenge, ambako Deborah alikuwa ameolewa na mvuvi wa Kizambia, Davies, yapata miaka ishirini nyuma. Germaine alifika na kichwa cha cherehani kilichofungwa katika blanketi, bila meza wala miguu. Davies alimchongea meza kwa mbao za mtumbwi uliooza, na kabla wiki mbili hazijaisha alikuwa akishona sare za shule na vitenge vya harusi kama mtu aliyezaliwa pale. Kibemba chake kilichechemea, lakini wachuuzi wa samaki walijua Kiswahili cha kutosha kubishana bei, na yeye alijua Kibemba cha kutosha kuwacheka.

Abbé Mulumba ndiye aliyebaki njiani. Mwili wake ulifika; yeye mwenyewe, Germaine alikuwa akisema, bado alikuwa katikati ya ziwa. Paroko wa pale, Father Kingsley, kijana mpole aliyekuwa na umri wa kuwa mtoto wake, alimpa chumba nyuma ya nyumba ya parokia. Kila Jumapili aliandaa mavazi ya mapadri wawili kwenye sakristia, akamkaribisha waadhimishe Misa pamoja. Kila Jumapili Abbé alishukuru, akaenda kuketi kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, amevaa sweta ya kijivu yenye kiwiko kilichotoboka. Watu wengi wa Nchelenge walidhani ni mchuuzi mzee kutoka Kongo aliyefilisika. Miezi ikapita, minane, tisa. Kikohozi kikamshika na hakikumwachia. Alizidi kukonda, na Misa hakuadhimisha hata moja.

Germaine alimwendea mara nyingi. Alimpelekea samaki, akamfulia, akazungumza naye kuhusu mvua. Siku moja tu, mwezi wa saba, alithubutu kumuuliza ni lini watamwona tena altareni. Abbé hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Mama Germaine," alisema kwa Kiswahili cha kwao, ambamo bilamba ni nguo na kutosha ni kuvua, "mi nilitosha bilamba ya Mungu mu mwili, nikavala ya bwanamuke juu ya kupona. Hénoc balimukamata mbele ya macho yangu, na mi niliikala tu, na kitambala ku kichwa. Mutu wa vile hawezi tena kusimama ku altare."

Germaine alirudi nyumbani akipita vichochoro ili asikutane na mtu. Mikono ile ile iliyomvua kanzu ndiyo iliyotandika kitanda chake usiku huo, na akaiona michafu. Angekufa yule mzee na sweta ya kijivu, angekufa akiamini si padri tena, na aliyemfikisha hapo ni nani? Alikuwa amemwokoa mtu na kumpotezea kitu ambacho mtu yule alikipenda kuliko uhai. Na kulikuwa na jambo jingine, la mtumbwini, ambalo alilifunga moyoni na kulikalia. Tutafika huko.

Sasa, Germaine alikuwa mshonaji tu. Hakusoma teolojia. Alijua kushona, kwa hiyo aliamini kwamba kila kilichochanika kina namna yake ya kushonwa. Alijisemea kwamba mavazi ya Father Kingsley ni ya watu wengine; Abbé hawezi kujiona padri ndani ya kasula ya mwenzake. Lakini akiwekewa mkononi nguo yake mwenyewe, yenye mshono anaoujua, mkono utaingia kwenye shati kabla kichwa hakijakataa. Ndivyo alivyowaza, na mimi simcheki, maana nimeona watu waliorudishwa duniani kwa vitu vidogo kuliko hivyo.

Tatizo lilikuwa kitambaa. Kashikishi ungepata vitenge vya kila ua na kila ndege, lakini kitambaa cheupe kinachostahili altare ilibidi kiagizwe Mansa au mbali zaidi. Alitafuta mpaka Novemba, mvua zilipoanza kupiga. Ndipo Dorica, mwanamke mnene mchangamfu aliyeuza salaula, zile nguo kuukuu za Ulaya, akafungua robota jipya, na ndani yake, kati ya makoti na soksi zisizo na jozi, akavuta gauni la harusi.

Lilikuwa la satini nzito nyeupe, lenye mkia wa mita mbili, shanga kifuani na lesi mikononi. Wanawake wakakusanyika, wakashika, wakacheka. Nani wa Nchelenge angeweza kukijaza kifua kile, na nani angeburuta mkia ule kwenye tope la Desemba? Germaine hakucheka. Alilipima kwa macho, sketi yake, upana wake, mwanguko wake. Hakuona bibi harusi pale. Aliona kasula ya Noeli, mbele na nyuma, na stola ikatoka kwenye mkia.

Walikubaliana kwamba Germaine amrekebishie Dorica nguo zake zote za kuuza mpaka sikukuu, bure. Dorica akauliza, kwa haki yake, ni nani anayeolewa. Hapo Germaine akafanya kosa ambalo fundi wa uzoefu wa miaka thelathini na miwili hakupaswa kulifanya: akamwambia ukweli, akamwapisha asimwambie mtu. Kumwapisha Dorica! Mdomo wa yule mama haukuwa na mlango, wala pazia.

Alishona siku kumi na nane, katikati ya kazi za watu. Alifumua gauni uzi kwa uzi, akanyofoa shanga moja moja na kuziweka kwenye kopo la maziwa. Deborah aliingiwa na hofu, akauliza kama si dhambi kumvalisha padri nguo iliyochezewa dansi na mzungu asiyemjua. Germaine akamjibu kwamba kitambaa hakina dini mpaka kibarikiwe, na kwamba akishika pasi ya mkaa asimwage majivu. Msalaba wa kifuani akaukata kutoka kwenye lesi, akaushona kwa mkono. Alba akaitoa kwenye mashuka mawili meupe ya salaula. Nguo ya zamani ya kuiwekea kipimo haikuwapo, zote zilibaki ng'ambo, lakini hakujali. Vipimo vya Abbé Mulumba alikuwa navyo kichwani: bega, kifua, urefu wa mkono. Akakata bila kusita.

Siku sita kabla ya Noeli, Abbé alikwenda sokoni kununua sabuni. Alipopita mbele ya salaula, Dorica akamwamkia kwa heshima zote, akipiga magoti kidogo kama desturi ya Wabemba, kisha akashindwa kujizuia. Akamwambia ba Fada asiwe na wasiwasi, gauni lile lilikuwa safi kabisa, bibi harusi wake alilivaa mara moja tu, na hata mkia wake Mama Germaine ameupatia kazi. Alisema mengi zaidi. Mpaka alipoona uso wa mzee ndipo alipoziba mdomo kwa mkono, na kwa Dorica hiyo tayari ilikuwa toba.

Germaine alimwona anakuja kutoka mbali, na fimbo yake, polepole, bila sabuni. Alijua mara moja.  Mtu aliyejiona ameharibiwa na nguo ya mwanamke, naye amekwenda kumshonea vazi takatifu kutoka kwenye gauni la mwanamke, na soko zima linajua! Alijiona mpumbavu ambaye hata wehu wangemkwepa. Alisimama nyuma ya cherehani akashika meza.

Abbé aliketi kwenye kiti cha Davies, akangoja pumzi irudi, akaomba kuiona kasula. Germaine akaileta mikononi, imekunjwa, akaifungua juu ya magoti ya mzee. Abbé akaitazama. Akapitisha kidole juu ya msalaba wa lesi, akageuza pindo na kutazama mshono kwa ndani, kama alivyokuwa akifanya zamani. Deborah akaondoka barazani akisingizia chungu.

"Sasa ni mara ya pili, Mama Germaine," Abbé akasema mwishowe. "Mara ya pili unanivalisha robe ya bwanamuke."

Na akacheka. Germaine hakuamini masikio yake. Alicheka kwa sauti ile ya zamani ya misheni, iliyokuwa ikisikika mpaka kwa masista, akacheka mpaka kikohozi kikamkata na machozi yakamtoka. Germaine akacheka na kulia kwa pamoja, hakujua lipi limetangulia. Alipotulia, Abbé alisema kwa upole kwamba kazi ni nzuri sana, nzuri kuliko zote alizowahi kumfanyia, na kwamba ampe Father Kingsley. Yeye mwenyewe, Abbé, atafurahi kuiona kwa macho tu.

Hapo Germaine akajikaza. Akamwomba aijaribu tu. Kwa ajili ya fundi, si kwa ajili ya Misa. Fundi hawezi kutoa nguo mkononi bila kuiona mwilini. Abbé akamwonea huruma, akavua sweta.

Alba, ya kuvaliwa kwanza, ilimwangukia kama kitanda kimefunikwa shuka. Mabega yalishuka hadi karibu na viwiko, mikono ikamezwa, na kitambaa kikalala chini miguuni pake. Germaine alikata kwa vipimo vya mtu aliyekuwa akila mihogo na samaki wa misheni, mtu mwenye kifua. Mtu yule hakuwapo. Katikati ya mashuka yale alisimama mzee mwembamba ambaye macho ya Germaine yalikuwa yamekataa kumpima kwa miezi tisa. Akaona jinsi mifupa ya shingo ilivyotokeza, na akajua, kama mshonaji anavyojua, kwamba mwili ule hautarudi. 

Abbé alianza kuivua taratibu, akisema labda ni ishara. Germaine akamwambia asivue. Akachukua pini, akaziweka kati ya meno, na, desturi ya masista imsamehe, akaweka mikono yake yote miwili juu ya mabega ya padri. Akakunja kitambaa, akapiga pini. Akapiga magoti, akaanza kupunguza pindo. Mzee alisimama amenyoosha mikono, mtiifu kama mtoto. Ilikuwa rahisi zaidi kusema akiwa pale chini, ambako hakumwona usoni. Akatoa pini mdomoni.

"Baba, kuko kintu sikukuambiaka," alisema. "Ile siku mu bwato ya kuvukia ziwa, ulisimama."

"Hapana. Mi niliikala."

"Ulisimama. Balipokamata Hénoc, ulisimama juu. Mi njo nilikuwa nyuma yako. Nilikamata mukanda ya pagne na mikono mbili, nikakuvuta chini na nguvu yote. Uliikala sababu mi nilikuikalisha."

 Abbé, kwa sauti ndogo, akamwambia Germaine kwamba anasema hivyo ili kumtuliza mzee. Akasema amejiuliza usiku na mchana, na hakumbuki kusimama. Anakumbuka hofu tu, na kitambaa kikimkaba kiunoni.

Germaine akanyanyuka. Pagne aliyokuwa ameivaa siku hiyo ndiyo ile ile aliyomfunga Abbé vitani. Hakuwa na nyingi za kuchagua. Akageuza ukingo wake wa juu, pale ambapo mkanda wa kiuno unashonwa kwenye kitambaa, akamwonyesha. Palikuwa na kiraka, urefu wa kidole, na pembeni yake kitambaa cha asili kilikuwa kimechanika kwa mwendo wa kwenda juu, nyuzi zikiwa zimevutwa zote upande mmoja.

"Angalia. Huu mushono ni wangu, nilipitisha mashini mara mbili. Hauwezi kupasuka bure. Ulipasuka sababu weye ulikuwa unapanda juu, na mi nakuvuta chini. Baba, mi ni fundi. Bilamba haiwezi kunidanganya."

Abbé alishika ukingo ule. Alikuwa amezitazama nguo za Germaine miaka kumi na tisa, akijua jinsi mshono wake ulivyokuwa mgumu kuliko ngozi. Akapapasa kiraka, akapapasa zile nyuzi zilizovutwa, mara nyingi, kama mtu anayesoma herufi kwa vidole. 

"Na juu ya nini ulinyamaza?" akauliza.

Germaine akamwambia ukweli wote, kwa kuwa ulikuwa umeshafika mdomoni. Alimwogopa. Aliona kwamba Hénoc aliachwa bila hata mtu mmoja wa kumlilia kwa sauti, na mkono uliofanya hivyo ni wake. Aliona kwamba Abbé akijua, atamchukia, na yeye angeweza kuvumilia vita na njaa na ukimbizi, lakini si hilo. Kwa hiyo alimwacha mzee abebe mzigo ambao nusu yake ulikuwa wa Germaine. Hiyo ndiyo dhambi yake, akasema, si ile kanzu.

 Ziwani mitumbwi ilikuwa ikirudi, na akina mama walisikika wakigombea kapenta, yaani dagaa.

"Na kama ile siku irudie?" Abbé akauliza.

"Nitakuvuta tena, Baba."

Alisema hivyo akimtazama machoni, bila kuomba radhi. Abbé akaweka mkono juu ya kichwa chake, juu ya kitambaa chake cha fundi kilichojaa vipande vya uzi, akauacha pale. Midomo yake ilisogea, na Germaine alielewa kwamba anaondolewa dhambi, hapo barazani, na padri aliyevaa mashuka na pini. Alipomaliza, mzee alifuta macho kwa mkono mrefu wa alba.

"Basi, maliza kushona," akasema. "Noeli inabakia siku sita."

Asubuhi ya Noeli kanisa lilijaa mpaka nje, watu wakiwa na miavuli kwa sababu ya manyunyu. Katika sakristia Father Kingsley alisogea pembeni bila kuambiwa, na Germaine akamvalisha Abbé Mulumba, maana mikono ya mzee haikuweza tena kupanda juu ya kichwa. Alba sasa ilimkaa sawasawa. Mshipi ulimzunguka mara mbili. Stola aliishika kwanza, akaibusu pale shingoni, akanong'ona kwa Kilatini ile sala ya mapadri wa zamani ambayo aliwahi kumweleza Germaine huko misheni: kwamba Bwana amrudishie vazi la kutokufa lililopotea.  Kisha kasula. Satini ilishuka juu yake yote kwa mwanguko mmoja mzito, ikatulia.

Kibemba chake hakikutosha kuadhimisha, kwa hiyo aliadhimisha kwa Kiswahili chake cha ng'ambo. Watu wa Nchelenge, waliozoea kuisikia lugha hiyo ikipunguza bei ya samaki, waliisikia sasa ikimwita Mungu, na baadhi yao walitazamana. Dorica alikuwa benchi la tatu, ameshonewa nguo mpya, na inasemekana hakusema neno mpaka mwisho, jambo ambalo wenzake walilizungumza hadi Pasaka.

Germaine aliketi karibu na dada yake. Alisikiliza kila neno kama mtu anayekagua mshono. Katika sala kuu, ilipofika sehemu ya kuwakumbuka walio hai, Abbé alinyamaza, mikono imefunguka. Kisha akasema, kwa sauti iliyofika mlangoni, "Hénoc." Baadaye, ilipofika sehemu ya kuwakumbuka waliokufa, alinyamaza tena. Kimya hicho kilikuwa kirefu, watoto wakaanza kusogeza miguu, na Father Kingsley akamtazama. Abbé akapumua, akaendelea bila kulitaja jina la Hénoc kati ya wafu. Germaine akainama, akalia wazi bila kujificha, na Deborah akamshika mkono.

Alijipanga kwenye mstari wa komunyo kati ya akina mama wengine, uso bado umelowa. Alipofika mbele, Abbé Mulumba alikuwa ameishika Hostia, akamwambia ni Mwili wa Kristo. Germaine akafungua mdomo, na sauti haikutoka. Akajaribu tena, haikutoka. Mzee hakuharakisha. Alisimama ndani ya satini ile nyeupe, akamngoja, na mstari mzima nyuma yao ukangoja pia, mpaka Germaine aliposema amina.